Nyumba ya Mama Mgolole

Mimi naweza kukaa kitako asubuhi nzima nikichora kiganja kimoja mpaka vidole vikubali. Lakini mwaka ule nilishindwa kukaa hata kumaliza kikombe cha chai. Nilikuwa nachora mstari, naufuta, navaa sweta, natoka mpaka barabarani, narudi, navua sweta, nauchora tena ule ule. Mama, ninayeishi naye hapa Njombe mjini, alinitazama siku kadhaa kisha akaniuliza kama nina minyoo. Nikamjibu ni kazi tu. Ilikuwa kazi kweli. Ila kazi yenyewe ilimhusu yeye, na hilo ndilo nililokuwa naomba asilijue mpaka anaingia kaburini.

Nianze na Mama Mgolole, maana yeye ndiye aliyenilisha miaka yote hii. Ni shujaa wa katuni niliyembuni nikiwa bado nafundisha shule ya msingi, baada ya kuchoshwa na mashujaa wa ng'ambo wanaovaa chupi juu ya suruali. Anavaa mabuti ya mvua, na begani amefunga mgolole, lile shuka walilokuwa wakijifunga bibi zetu. Shuka hilo ndilo linalompaisha. Ananyanyua lori la mbao lililozama kwenye matope. Anawakimbiza wezi wa parachichi mpaka wanajipeleka polisi wenyewe. Halafu, kwenye picha ya mwisho ya kila kitabu, unaona moshi ukitoka kwenye paa la nyumba yake: amewahi kurudi kabla viazi havijaungua. Watoto kuanzia Njombe mpaka Makambako, na huko mbele nisikokujua, wanamfahamu kuliko wanavyomfahamu mkuu wa wilaya. Yupo kwenye majalada ya madaftari. Yupo kwenye kuta za shule za chekechea, amechorwa na mafundi rangi wenye haraka zao, macho yamekwenda upande. Ukiona mtoto kajifunga shuka la mama yake shingoni na anaruka matuta ya viazi, ujue anayemwiga ni yeye.

Sasa, mabega yale ni ya mama yangu. Mwendo ule ni wake, na hata ile namna ya kushika kiuno akiwa anafikiri. Sikuwahi kumwambia mtu. Mama mwenyewe alikuwa akipitisha macho kwenye kitabu kipya, anatikisa kichwa, anasema huyu mama ana nguvu kweli, kisha anarudi kwenye maharage yake.

Ugomvi ulianza na simu kutoka Dar es Salaam. Aliyepiga alikuwa mhariri, kijana aliyekulia Makambako akisoma vitabu vyangu, na siku hizi anatoa katuni za kusoma kwenye simu na nyingine za kuchapwa. Akasema wasomaji wa Mama Mgolole wamekua. Wana kazi, wana ndoa, wengine tayari wana talaka. Wanataka kumsoma tena, ila siyo yule wa viazi. Wanataka kitabu cha watu wazima tu, cha giza, chenye vifo na mambo ya chumbani. Akanitumia mifano aliyochorewa na kijana wake mmoja. Nikafungua. Mama Mgolole ameshika panga. Mgolole umelowa damu. Amevaa kiblauzi kisicho na mikono, kifua nje, na ukurasa wa pili yuko kitandani na afisa wa polisi.

Nilicheka peke yangu, kisha hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Thubutu! Kwa baridi hii ya Njombe, nani anapaa angani kifua wazi? Nikampigia nikamwambia huyo aliyemchora si Mama Mgolole, ni mwizi aliyemwibia shuka. Akacheka, akasema nifikirie. Nikamwambia nimeshafikiri.

Uongo. Kesho yake nilipanda gari kwenda Makambako, wala sikuwa na cha kufanya huko. Nilikwenda kwa mchapaji wangu, mwanaume niliyesoma naye, mwenye mashine zake kwenye chumba nyuma ya stendi. Anachapa kadi za harusi, kalenda za vikundi, na vitabu vyangu. Nikamwonyesha ile mifano. Aliitazama akiwa amekunja pua, akaniambia nimefanya la maana kukataa. Shujaa wa watoto ni wa watoto, alisema. Siku utakayompaka damu, hakuna mzazi atakayenunua daftari lenye sura yake, na walimu watamfuta ukutani kwa chokaa. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe binti yake hulala na kile kitabu chini ya mto, na asingependa siku moja amkute Mama Mgolole yuko na polisi.

Nilikubaliana naye kila neno. Na nilipopanda gari la kurudi nikaanza kujichukia kwa kukubali haraka vile. Kwa sababu kusema kweli nilikuwa nimeshachoka. Mtoto anayesoma anajua Mama Mgolole atashinda. Mimi ninayemchora najua atashinda. Mwenyewe anajua, unamwona usoni. Sasa anashinda nini? Ile miti ya mbao ilikuwa inapita dirishani, mistari kwa mistari, na mimi nabishana kimoyomoyo na watu wawili ambao hawakuwepo. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu na kuku mapajani akaniuliza kama naumwa.

Wiki ile nilimpigia mhariri tena. Nilitaka kumsomea risala yote: kwamba damu ni rahisi, hata mtoto anaweza kuchora damu, unachovya tu brashi kwenye nyekundu, kwamba utu uzima si panga. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akauliza taratibu, bila ubishi wowote.

"Dada, hivi Mama Mgolole ana nyumba?"

Nikamwambia anayo, si huwa anarudi kupika viazi.

"Unachora paa na moshi. Hujawahi kutuingiza ndani hata siku moja. Nilipokuwa mdogo nilidhani umesahau. Sasa ni mtu mzima, na sidhani tena kama ulisahau."

Nilimkatia simu. Nikavaa sweta nikatoka.

Ndani ya nyumba ile nilikuwa napajua kuliko mahali popote duniani. Nilikuwa napajua kwa sababu nilikulia humo. Baba yetu alikuwa mtu mzuri mpaka msimu wa ulanzi, na kwetu mianzi haikauki mapema. Pombe ile ni tamu, watu wanaichekea, lakini ikishamkaa baba kichwani tulikuwa tunajua kwa jinsi anavyofungua mlango. Mama alikuwa anatuambia tulale. Tulikuwa tunafumba macho tukisikiliza. Asubuhi Mama anakwenda shamba na sweta lake limefungwa mpaka shingoni, na akikutana na watu anasalimia kamwene kama kawaida, anapokea salamu, anapita. Hakuna aliyeuliza, na Mama hakusema. Kisha ukaja mwaka ambao baba aliacha. Alisimama mbele ya usharika wote akatubu, akasema maombi ya mke wake yamemgeuza. Alikufa mzee wa heshima, na mpaka leo mchungaji akitaka mfano wa maombi yanayojibiwa, anatazama upande wetu wa benchi.

Basi nikamchora Mama Mgolole akiwa kwake. Nilichora miezi. Huyu anayenyanyua lori anafika nyumbani, anavua mgolole, anautundika kwenye msumari nyuma ya mlango, anakaa kwenye kigoda kusikiliza hatua nje. Hatumii nguvu zake. Anapigwa, na kesho yake anaruka kwenda kuokoa watu wa Igwachanya huku anachechemea. Mwisho wa kitabu anapiga magoti, na mumewe anatubu kanisani. Nilichora ilivyotokea kwetu. Panga halimo, afisa wa polisi hayumo, damu ni kidogo sana, na bado kilikuwa kitabu ambacho nisingempa mtoto wa mtu.

Nikampa mhariri masharti. Kiuzwe Dar na kwenye simu, Njombe kisiletwe. Na jalada liwe lile lile la siku zote, Mama Mgolole angani na mabuti yake, maana sitaki kumwuza kwa kumdhalilisha. Maneno ya watu wazima tu yaandikwe nyuma. Mhariri aliona jalada halina mvuto, tukavutana, nikashinda. Ningejua nisingeshinda.

Maana hofu yangu ilikuwa moja tu, na nilikuwa naiota nikiwa macho: kwamba Mama atafungua kitabu kile na kujiona. Amefunga mlango wa nyumba ile maisha yake yote. Majirani, dada zake, mchungaji, wote wamebaki nje. Halafu mwanawe wa mwisho, aliyekuwa anadhaniwa amelala, anakuja kuufungua na kuwakaribisha watu waliolipa kiingilio. Nilijua angenyamaza. Mama akinyamaza, unaweza kuzeeka unasubiri.

Kwa hiyo siku moja nilikuwa nasema shujaa wa watoto anafaa kabisa kwenye giza, maana giza lilikuwepo tangu mwanzo, mimi tu nilichora paa juu yake. Siku ya pili nasema hafai, anayemfanya afae ni mimi ninayetaka kulipiza mambo ya zamani kwa kalamu. Nikila sishibi. Nikilala sioni usingizi wa maana. Mhariri akaamua nakala za kwanza za kutazama zichapwe Makambako kwa mchapaji wangu, kwa sababu ni karibu nami, nizikague kabla hajachapa nyingi Dar. Mchapaji alikubali kwa shingo upande.

Jumamosi zilipokuwa tayari sikuweza kusubiri. Nikaenda Makambako mwenyewe kuzichukua. Nikafika, mchapaji ananishangaa: boksi ameshalituma asubuhi kwa gari la Njombe, kama afanyavyo siku zote. Na kama ilivyo siku zote, makondakta wa magari yale wanamjua mama yangu, ana meza yake ya viazi na kabichi karibu na stendi. Boksi la vitabu anapewa yeye. Kurudi, gari likangoja abiria mpaka nikatamani kushuka nikimbie kwa miguu.

Nilikuta boksi nyumbani limewekwa juu ya kabati langu, limefunguliwa upande mmoja. Mama alikuwa amekwenda kwenye kikao cha kinamama. Nilihesabu vile vitabu nikaona havitimii, nikajiambia mchapaji amebaki na kimoja cha kumbukumbu. Nilitaka iwe hivyo, nikaamini. Mama aliporudi alikuwa mchangamfu, hakusema lolote kuhusu boksi, na mimi nikajikausha.

Hapa inabidi nieleze kitu. Kwetu sisi Walutheri wa huku, mazao mapya hayaliwi hovyo. Mahindi ya kwanza, viazi vya kwanza, unapeleka kanisani, malimbuko, kabla wewe mwenyewe hujaonja. Mama alishaamua zamani kwamba vitabu ndilo shamba langu. Kila kitabu kipya kikitoka, anachukua cha juu kabisa kwenye boksi na kukipeleka madhabahuni, na hakifungui, hata ukurasa mmoja, kama vile asivyoweza kumenya hindi la Mungu kuangalia punje. Baada ya ibada vitu vyote vya sadaka vinanadiwa nje. Kitabu cha malimbuko kila mara kinanunuliwa na mtu kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili. Mimi nilikuwa najua hayo yote. Lakini kichwani mwangu kitabu kile hakikuwa kitabu cha Mama Mgolole tena, kilikuwa kitu kingine kabisa, na nikasahau kwamba kwa nje kilikuwa ni kile kile. Nililipigania jalada lile mwenyewe.

Jumapili nilimwona anapita katikati ya kanisa na ungo. Viazi, mayai, na juu ya mayai Mama Mgolole anaruka.

Sikumbuki mahubiri. Nakumbuka nilikuwa nasimama wakati wa kukaa, na jirani ananivuta gauni. Nilifikiria kwenda madhabahuni kukichukua, na nilifikiria watakavyonitazama. Mama alikuwa ameketi na kinamama wenzake mbele, amenyoosha mgongo, ana raha zake. Hiyo ndiyo siku yake ya mwaka. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wameshaanza kuchungulia ungo kutoka kwenye benchi lao.

Mnada ukaanza, na ukungu bado umekaa uwanjani. Mnadishaji wetu ni mzee wa kanisa mwenye maneno mengi, anayeweza kuuza yai moja kwa bei ya kuku. Aliuza viazi, akauza jogoo aliyekataa kutulia, kisha akanyanyua kitabu juu. Watoto wakapiga kelele. Ana kawaida moja: kitabu cha Mama Mgolole anakifungua katikati na kuwasomea watu kidogo, kuwatia hamu. Nikaona kidole gumba chake kinatafuta ukurasa.

Nikataja bei. Niliitaja kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa. Mzee akafunga kitabu, akacheka, na watu wote wakacheka, mchoraji ananunua mchoro wake mwenyewe. Mwinjilisti akapandisha. Nikapandisha. Na hapo ndipo nilipojichimbia shimo, maana watu wa kwetu wakiona mtu anajitoa vile hawamwachi atoe peke yake. Wakadhani nimeguswa. Wakadhani nimeamua mwaka huu kumpa Mungu zaidi, nao wakaona aibu kubaki nyuma. Kila nilipopandisha, mtu mwingine alipandisha kwa furaha, wananipungia mkono, wananipongeza. Kila mzee alipotaka kufungua ukurasa, nilipayuka bei nyingine. Nilifika mahali sina tena cha kutaja, pesa zote za kwenye simu na za mkobani zimekwisha.

Kinamama walikuwa wamekusanya vichwa pembeni. Walichangishana, wakataja bei moja ya kumaliza maneno, na mzee akagonga. Ilikuwa yao. Nikajipa moyo kwamba hata wao ni watu wazima, nitawafuata mmoja mmoja niwaombe. Lakini mwenyekiti wao hakukipeleka kwa watoto. Kwetu anayenunua anaweza kumzawadia amtakaye, pale pale mbele za watu. Akakishika kwa mikono miwili akamfuata Mama.

"Miaka yote huyu mwenzetu anamletea Mungu kitabu cha kwanza, na yeye hajawahi kubaki nacho," alisema. "Cha leo ni chako, dada. Nenda kasome mwenyewe, taratibu."

Vigelegele vikapigwa. Mama alilia kidogo. Alikifunga ndani ya kitenge chake, na nilipomwambia nyumbani anipe nikiangalie kama kimechapwa vizuri, akaniambia nimwachie zawadi yake.

Alianza kukisoma mchana ule ule, mlangoni kwa jiko, penye mwanga, amevaa miwani. Mama anasoma kwa kidole, kisanduku kwa kisanduku. Nilijua kila ukurasa ulipo kwa unene wa karatasi zilizobaki mkono wa kulia. Kidole kilipofika pale pa msumari, kilisimama. Nikatoka nikafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Jumatatu aliendelea. Mimi nilikwenda sokoni nikanunua vitunguu, nikarudi nikakuta vitunguu vipo. Jumanne nilipanda gari mpaka Makambako, gari likafika stendi, nikakaa humo humo ndani mpaka likageuza. Mchapaji nilimtumia ujumbe asitoe nakala yoyote, na mhariri nilimwambia asubiri. Akauliza anasubiri nini. Nikamwambia anasubiri neno la mtu mmoja, na mtu huyo akisema hapana, kitabu hakipo.

Mama hakusema. Alipika, tukala, akauliza bei ya kabichi Makambako. Nilitamani anigombeze. Nilitamani hata akitupe kitabu motoni, nione moja.

Siku ya nne, asubuhi, aliniita jikoni. Kitabu kilikuwa mapajani mwake. Akaniambia nikae, nikakaa, na kabla sijatulia nikaanza kumwomba radhi, kwamba sikutaka akione, kwamba kitafutwa, kwamba hakuna atakayejua. Akanipungia mkono ninyamaze.

"Umeandika hapa nyuma ni cha watu wazima tu."

"Ndiyo, mama."

"Mbona mwisho wake ni wa watoto?"

Sikumwelewa. Akafungua nyuma, penye magoti na kanisa. Akasema nyumba nimeipatia. Kigoda nimekipatia, na msumari, na hata yule mama anavyosikiliza hatua. Akashangaa niliyaonaje na macho yalikuwa yamefumbwa. Lakini huyu mwanaume, alisema, anaacha kupiga kwa sababu mkewe amepiga magoti. Nani alikwambia hivyo? Nikamjibu kila mtu aliniambia. Baba mwenyewe alisema, mbele ya madhabahu, nilikuwepo.

"Baba yako alisema alichoweza kusema. Mimi nilimpiga."

Alisema kwa sauti ile ile ya bei ya kabichi. Baba alikuwa na mkono uliopinda kidogo penye kiwiko, na sisi wote watoto tulijua alianguka kutoka juu ya lori la mbao Matembwe. Hakuwahi kuanguka. Mama alimvunja kwa mchi wa kutwangia, mlangoni, siku moja kama siku nyingine. Kisha akamfunga mkono kwa kitambaa, akampeleka hospitali, na habari ya lori akaitunga yeye njiani. Baba aliishika habari ile mpaka kufa. Hakumgusa tena. Nilimwuliza Mama, na maombi je? Akasema aliomba, kwa nini asiombe. Aliomba wakati anamfunga ule mkono.

Nilikaa na hasira, na sikujua za nani. Nilimkasirikia yeye kwa kuniacha na hadithi ya uongo mpaka nimeota mvi. Halafu hasira zikanigeukia mwenyewe, nikaona aibu, aibu ya kweli. Miaka yote ile nilimpa mwanamke huyu nguvu za kunyanyua lori, na nilipomwingiza jikoni kwake nikamnyang'anya. Mhariri alitaka panga na nikamcheka. Mimi nilimpa machozi nikajiona nimekuwa mtu mzima.

Nikamwuliza vipi watu wa kanisani, wakikisoma watajua. Alinitazama kama mtoto.

"Wale walioninunulia? Wale ndio waliokuwa wananiletea dawa ya kuchua enzi zile." Akafunga kitabu. "Watoto waachie yule wao wa viazi, usimguse. Lakini hiki, kama umesema ni cha wakubwa, kiwe cha wakubwa."

Nilileta karatasi na penseli pale pale, nikakaa kwenye mfuko wa mkaa. Mkono ulikataa. Nilichora mlango, nikachora mtu ameinua mchi, nikafuta. Nilikuwa namchora kama anatwanga. Mama akachungulia, akacheka kidogo, akainuka akautoa mchi nyuma ya debe la mahindi na kwenda kusimama mlangoni. Mabega sasa yameshuka, na mchi ulikuwa mzito kwake. Aliuinua hata hivyo. Akanielekeza: mkono wa kushoto chini zaidi, mguu huu mbele, na kichwa hakikuwa kimeinama. Nikachora haraka, sikuinuka, sikutafuta sweta. Nilipofika usoni nikamkunja nyusi na kumtoa meno, kama anavyokuwa akipambana na wezi wa parachichi.

Aliteremsha mchi akaja kuangalia. Akaweka kidole juu ya zile nyusi.

"Usinichore na hasira," alisema. "Siku ile sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka."